Likelemba ya Barabarani



Mwezi uliopita, nyuma ya ibada, baba mmoja mwenye kufanya biashara kati ya Sake na Rubaya alinishika mkono pale mlangoni. Aliniambia: «Pasta, gari yangu ilikwama siku mbili. Batu balipita, baliangalia, balienda. Wenye balisimama baliniomba franga kwanza. Zamani haikukuwa vile. Kusaidia mutu bure kulikwisha?»

Nilimjibu haraka, kama tunavyozoea sisi wachungaji, kwamba watu wenye moyo mzuri wako bado. Alicheka kidogo akaenda. Jibu langu halikumsaidia kitu, na mimi mwenyewe lilinikaa kama mwiba. Kwa hiyo leo nataka kumjibu tena, polepole, na pamoja naye wewe unayesoma, maana karibu kila nyumba ya kwetu iko na mtu barabarani: shofere, motari, mama wa biashara, ao mtoto anayekwenda masomo.

Miti mitatu

Mwaka 2015, mwezi wa kumi na moja, tulitoka Sake kwenda Masisi na gari ya kuazima. Tulikuwa watu sita na maboksi ya vitabu. Ninyi mnaujua udongo ule: ukikauka ni vumbi, mvua ikinyesha ni sabuni. Tulipopita Mushaki mvua ikatukamata kwenye mlima. Gari iliteleza, mpira wa nyuma ukaingia katika mtaro, na tumbo la gari likalala chini.

Tulisukuma. Tulichimba kwa mikono na kwa sahani tuliyokuwa nayo. Shofere akaongeza moto, mpira ukazunguka bure, tope likatupiga usoni. Saa kumi na moja ya jioni tulikuwa bado pale pale, na simu zetu hazikuwa na rezo.

Ndipo mzee mmoja akatelemka kutoka nyumba yake juu ya kilima, panga mkononi. Nitasema kweli: tuliogopa. Watu wa Masisi na Walikale wanajua maneno tuliyoachiwa tangu vita vya mwaka 1993. Kwa namna alivyotusalimia tulijua kabila yake, na kwa namna tulivyoitikia yeye alijua ya kwetu. Hakuna aliyesema neno juu ya hayo. Mzee aliangalia gari, akaangalia mbingu, akasema: «Hapa hamutatoka bila miti.»

Akarudi katika lupango yake, akakata miti mitatu ya kalitusi. Akaita watoto wake wawili na jirani. Mti mmoja mrefu waliutumia kuinua gari, kama vile tunavyoinua jiwe kubwa shambani. Ile mingine waliikata vipande, wakaipanga chini ya mipira. Saa moja ya usiku gari ikatoka. Hakutuacha tuendelee gizani. Mama wa nyumba alitupikia viazi na maharagi, akatupa maziwa, tukalala kwake.

Asubuhi nilitoa franga, akakataa. Mimi najua bei ya kalitusi, kwa sababu baba yangu alilipa minervali yetu kwa kuuza miti ile ile. Nikamwambia: «Muzee, hii miti ni minervali ya mutoto.» Akanijibu:

«Niko na mutoto anaendesha moto kule Walikale. Kama moto inamukufia mu pori, sijue nani atamusaidia. Mimi namusaidia hapa.»

Siku ya Mungu iliyofuata nilihubiri neno la mzee huyo. Watu walifurahi sana. Nami nilifurahi kwa mahubiri yangu.

Kijana mwenye mnyororo

Sasa sikiliza sehemu ambayo sijaihubiri.

Miezi mitatu ilipita. Mwanzoni mwa mwaka 2016 nilikuwa nyuma ya taxi-moto, tukitoka Walikale kupanda upande wa Masisi. Jua lilikuwa linashuka. Mbele ya kufika Kashebere tuliona kijana kando ya njia, moto yake imelala, mnyororo uliokatika uko mkononi. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya mzigo karibu naye. Kijana alinyosha mkono.

Motari wangu alipunguza mwendo, akageuza kichwa kuniangalia, maana mwenye safari ni mimi. Nikamwambia: «Twende, giza inaingia.» Tukaenda. Nilimwona kwa kioo mpaka kwenye kona.

Utasema nilikuwa na haki ya kuogopa. Ni kweli, pori lile halikuwa la kuchezea. Lakini kuogopa hakukuwa kosa langu lenyewe. Tulifika Kashebere kukiwa bado na mwanga. Kwenye parkingi kulikuwa na wamotari wengi, wamekaa wanaongea. Neno moja tu lingetosha: «Kuna mwenzenu amekatikiwa na mnyororo kule nyuma, na mama mmoja.» Sikulisema. Niliona haya, maana kulisema ni kukubali mbele ya watu kwamba nilimpita. Nikanywa chai, nikalala.

Jina la kijana yule sikulijua. Walikale iko na wamotari wengi, labda hakuwa mtoto wa yule mzee wa kalitusi. Lakini labda alikuwa. Mpaka leo sijui, na sikuwahi kupata nguvu ya kusimama tena kwa yule mzee na kumwuliza.

Bure inalipwa na nani?

Ndugu msomaji, tuangalie vizuri neno hili «bure». Katika nchi za mbali kuna vyama vya wenye magari. Uingereza wako na AA, iliyoanza mwaka 1905. Ujerumani wako na ADAC, iliyoanza mwaka 1903. Hata Nairobi, majirani wetu, walianza chama cha namna hiyo mwaka 1919. Gari ikikufia njiani unaita, fundi anakuja na vyombo vyake, anakutengenezea, na mara nyingi pale pale hakuombi kitu. Mtu akiona vile anasema: hawa watu wanasaidiwa bure! Hapana. Mwanachama analipa kila mwaka, hata mwaka ambao gari yake haikuharibika hata mara moja. Franga ya yule ambaye gari yake ni nzima ndiyo inayomtoa yule ambaye gari yake imekufa.

Mama zetu wa soko wanaelewa jambo hilo kunishinda mimi. Wanaliita likelemba. Kila mmoja anatoa, na kila mmoja anakula kwa zamu yake. Anayekula leo hakupewa bure: alikwisha kutoa, ao atatoa. Na likelemba inakufa kwa njia moja tu: mtu anakula zamu yake, halafu anatoroka.

Barabara yetu haina chama cha kulipia kwa mwaka. Lakini likelemba iko. Tunailipa kwa kusimama, kwa kukopesha kriki, kwa kumulika tochi, kwa kubeba habari. Tofauti na ya soko ni hii: hapa hakuna orodha ya majina. Unampa mtu usiyemjua, na siku yako utapewa na mtu asiyekujua. Yule mzee alitoa miti mitatu Masisi ili mtoto wake apate msaada Walikale. Mimi nilikula zamu yangu pale Mushaki. Zamu yangu ya kutoa ilipofika, nikatoroka.

Hata yule Msamaria wa Luka, tunayemhubiri kila mwaka, alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Kwa mtu aliyeumizwa ilikuwa bure. Kwa Msamaria haikuwa bure. Tunapomwomba mtu msaada wa bure, tujue kwamba tunamwomba yeye alipe.

Vijana wa tope

Baba aliyeniuliza alikasirikia sana wale vijana walioomba franga kwanza. Nisingependa tuwahukumu upesi.

Katika inchi yetu neno «bure» lina kidonda. Wakati wa Wabelgiji, vijiji vingi vilihamishwa vikapangwa kando ya barabara, ili watu waitengeneze kwa lazima. Nyuma yake, wakati wa Mobutu, ikaja salongo: kazi ya wote, na asiyekwenda anaazibiwa. Katika miaka ya vita, wenye silaha nao walikamata watu wa vijiji kuwabebesha mizigo na kuwafanyisha kazi zao, wakaiita salongo vilevile. Kwa hiyo mtu wa kijiji akiona gari nzuri imekwama, na watu wenye viatu wanamwambia «njoo usukume bure», anakumbuka mambo mengi ambayo wewe huyafikiri.

Tena, yule kijana anaona. Mwaka 2017 watafiti walihesabu bariyeri karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Shofere anasimama, analipa, anapita. Aliyelipwa hakugusa hata jembe. Halafu shofere huyo huyo anafika kwenye tope, na kijana aliyechimba tangu asubuhi anapoomba franga ya chumvi, anaitwa mwizi. Barabara yenyewe ilikuwa na wenye kuiangalia: Office des Routes ilianzishwa mwaka 1971, na sheria ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa FONER, unaopata franga katika bei ya mafuta na kwenye peaji. Sisi tumelipa tayari, na kijana anabaki na shimo mbele ya nyumba yake.

Watu wa Walikale wanajua pia habari ya Kilambo, ambapo kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kuchukua kasiterite, na magari yakasimamishwa kungoja. Mawe yalipanda ndege. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alibaki kubebwa katika kipoyi. Mtu anayekua akiona mambo hayo, akifikiri kila kitu kina bei, nani alimfundisha?

Lakini nisiwapake mafuta vijana kupita kiasi. Kuna wanaochimba shimo usiku ili magari yakwame asubuhi. Kuna wanaomwona mtu ana mgonjwa ndani ya gari, wanapandisha bei. Hiyo si kazi wala si biashara. Ni kumnyang'anya mtu aliyeanguka. Wazazi, mtoto akileta franga ya namna hiyo nyumbani, usiipokee ukanyamaza. Mwulize ilitoka wapi.

Namna ya kushika likelemba hii

Kwa hiyo, ndugu, tupatane hivi.

1. Toka nyumbani ukiwa tayari. Jembe, panga, kriki, kamba ya nguvu, tochi, mbao mbili, mpira wa akiba wenye upepo, maji ya kunywa na chakula kidogo. Anayejaza kamiyo mpaka juu na watu juu ya mzigo, halafu haichukui hata jembe, amekwisha kuamua kwamba watu wengine watateseka kwa ajili yake.

2. Gari ikikufia, weka alama. Wengi hatuna ile pembetatu nyekundu, lakini majani mabichi yako kila fasi. Kata matawi, yaweke mbali nyuma na mbele ya gari, na kama kuna kona, yaweke mbele ya kona. Ukiweka mawe chini ya mipira, siku ya kuondoka yatoe barabarani. Jiwe ulilosahau ndilo linaloua motari usiku. Wewe umesaidiwa, halafu unamwachia mwingine kifo: hiyo ni kula na kutoroka.

3. Jua kitu cha bure na kitu cha kulipwa. Cha bure ni hiki: kuuliza «mko na shida gani», kupeleka habari, kumulika, kukopesha kriki, kutoa maji, kusukuma kidogo, kumbeba mgonjwa ao mtoto mpaka kwenye kituo cha afya. Cha kulipwa ni kazi ya nusu siku, mti uliokatwa, mafuta, kamba iliyokatika, kifaa cha fundi. Ukimfanyisha mtu kazi ya siku nzima na kumpa «Mungu akubariki» peke yake, baraka hiyo haitapika sombe kwake.

4. Patana mbele. Ongea na mmoja wa vijana, mbele ya wote, kwa heshima: kazi ni hii, watu ni hawa, franga ni hii. Maneno mengi ya barabarani yanazaliwa kwa sababu bei inasemwa gari ikiisha kutoka. Na kama mwenye kukusaidia anakataa franga, usimlazimishe mpaka umwaibishe. Mpe chumvi ya watoto, ao fanya kama alivyosema: msaidie mwingine.

5. Gari iliyoanguka si shamba. Tumeona watu wanakimbilia mzigo mbele ya kukimbilia shofere. Na kama ni kamiyo ya mafuta, kaa mbali, kataza watoto, hakuna sigara, hakuna kuchota. Kumbukeni Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010. Kamiyo ya mafuta ilipinduka katikati ya kijiji, moto ukalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi walikuwa wamekuja kuchota ao kuangalia tu. Siku kama ile, msaada wa kwanza ni kuwaondoa watu.

6. Ukishindwa kusimama, peleka habari. Hili ndilo ninalowaomba zaidi ya yote. Vita vilirudi Sake na Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, na mwezi wa tatu vikafika Walikale. Mimi sina haki ya kumwambia mtu asimame porini usiku. Kuna mikono inayonyoshwa ili kukunyang'anya. Kama uko na mama na watoto ndani ya gari, na moyo wako unakataa, pita. Lakini usipite na mdomo uliofungwa. Kwenye kijiji cha kwanza, kwenye parkingi ya kwanza, sema: nimeona gari fulani, fasi fulani, watu wangapi, shida gani. Zamani, mbele ya simu, mashofere walibeba vikaratasi: «Niko kilima fulani, resori imevunjika, mwambie boss.» Kikaratasi kilipita mkono kwa mkono mpaka kikafika. Leo tuko na simu mfukoni na tunapita kimya.

Jibu langu kwa yule baba

Baba yangu, uliniuliza kama kusaidia mtu bure kumekwisha. Nakujibu hivi: hakukuwa kamwe na msaada ambao hakuna aliyeulipa. Zamani watu wengi zaidi walilipa, ndiyo maana wewe uliona kama ni bure. Leo wengi tunataka kula, wachache wanataka kutoa, na mimi nimekuwa mmoja wa waliotoroka. Katika zile siku mbili zako, mmoja wa waliopita pengine alihubiriwa na mimi.

Tangu mwaka ule wa 2016 nimeweka mnyororo mmoja wa moto katika mfuko wangu wa safari. Mimi sina moto. Mara mbili nimeutoa njiani na kununua mwingine. Haulipi deni la Kashebere, lakini zamu yangu naitoa.

Maswali ya kuongea nyumbani

Leo jioni, nyuma ya chakula, baba ao mama awaulize watoto:

— Nani alitusaidia njiani, na sisi tulimlipa nini ao tulimfanyia nani mwingine?

— Njiani kati ya nyumba yetu na soko, magari yanakwama wapi? Tunaweza kufanya nini pale, sisi na majirani, mbele ya mvua ya mwezi wa kenda?

— Kama mtu wa kabila lingine amekwama mbele ya nyumba yetu usiku, tutafungua?

Swali la tatu ni gumu. Msilikimbie. Kuna mzee mmoja karibu na Mushaki aliyelijibu na panga mkononi, na mimi nililala katika nyumba yake salama.

Tuonane mwezi ujao. Safari njema, na mawe muyatoe barabarani.